Jumapili ya Soavelo, Mzao wa Mpiga Fidla

Soavelo, binti wa Tsiravay, Tsiravay mwana wa Bezandry, na hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka kwa Nedi, aliyepiga fidla kwenye meli ya maharamia. Ndiye Soavelo aliyewaozesha kwa kodiani yake karibu watu wote wa Antsarabe ambao leo wana mvi, na wengine akawazika kwa kodiani hiyo hiyo. Ndiye aliyemchezesha Mfaransa mwenye hoteli mpaka kiatu chake kikaruka kikatumbukia kwenye sufuria ya wali. Ndiye aliyemlea ng'ombe dume Bemaso nyuma ya jiko lake. Na ndiye aliyemfanya kaka yangu Tombozafy, tangalamena wetu, mzee anayeshika fimbo nyekundu ya ukoo, atamke mbele ya watu wote jina aliloapa kuwa halitatoka mdomoni mwake.

Alikuwa wifi yangu. Aliolewa na kaka yetu wa katikati, Jaozara, Mungu amrehemu. Jaozara alikuwa akisema ameoa wake wawili, Soavelo na kodiani, na kwamba huyo wa pili ndiye anayelala kitandani; yeye mwanamume analala mkekani.

Hapa kwetu kisiwani Nosy Boraha kila ukoo una haramia wake. Walikuja zamani na meli zao, wakaiona ghuba, wakawaona bibi zetu. Wenye akili walibaki. Wajinga walirudi kwao kunyongwa. Hilo halina ubishi, na makaburi yao yapo hapo ng'ambo ya maji, hata wageni wanayapiga picha. Ajabu ni moja tu: ukiuliza leo, wote walikuwa makapteni. Hakuna aliyepika, hakuna aliyeshona tanga, hakuna aliyesugua sakafu ya meli. Mimi nimesoma shule ya msingi tu, lakini najiuliza meli zile zilikuwa zikiendaje, zimejaa makapteni watupu wanaoamrishana.

Sisi wa kwa Tombozafy ni wazao wa Kapteni Barneti. Nilipokuwa mtoto, bibi yetu alitusimulia kwamba Barneti alikuwa mtu mfupi mwenye miguu miwili na macho mawili, anayetapika bahari ikichafuka, na aliyependa mno ndizi za nazi. Huyo ndiye babu niliyemjua mimi. Kisha wageni wakaanza kuja kutazama nyangumi, na kaka yangu akapata kazi ya kuwasimulia habari za maharamia. Mwaka wa kwanza Kapteni akapoteza mguu, akawekewa wa mti. Mwaka uliofuata likaenda jicho. Wageni wakiongezeka, Kapteni anapungua kiungo. Halafu akapewa kasuku wa kijani, na hali kasuku wa kwetu ni weusi kama masizi ya chungu.

Nikamwambia, "Kaka, ukiendelea hivi, mwaka kesho tutakuwa wazao wa kiwiliwili."

"Nyamaza wewe," akasema. "Wageni wanapenda."

"Na ile dhahabu unayowaambia alifukia, iko wapi?"

"Imefukiwa."

"Basi ifukue, paa lako linavuja."

Watu wa kwa Soavelo hawakuwa na maneno mengi namna hiyo. Wao siku zote walisema Nedi alikuwa mpiga fidla. Hata uharamia hakuutaka. Aliibiwa kutoka meli ya biashara, yeye na fidla yake. Maharamia wa Kapteni Barneti wakaacha magunia ya sukari wakamchukua Nedi, kwa sababu meli isiyo na muziki watu wake huanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Kazi yake ikawa kupiga wakila, kupiga wakinywa, na wakivamia meli ya watu apande juu apige kwa nguvu, ngoma pembeni yake, ili wanaovamiwa wadhani yamewajia majini. Mlevi yeyote aliweza kumwamsha amwambie, "Piga," naye akapiga. Lakini katika meli ile walikuwa wameapa, mikono juu ya shoka, sheria zao kadhaa, na moja ilikuwa hii: wapiga muziki wapumzike Jumapili, na hata kapteni asiwalazimishe. Aliposhuka hapa akaoa, Nedi alikuja na vitu viwili tu, fidla na Jumapili. Fidla ililiwa na mchwa, baadaye wajukuu wakashika kodiani. Jumapili haikuliwa na mchwa. Ikawa mwiko wa ukoo: Jumamosi jua likizama, mkanda wa kodiani unafungwa, na mkono haugusi chombo chochote cha muziki mpaka Jumatatu jua lichomoze. Hata mluzi hawapigi.

Padri aliwahi kumwomba Soavelo apige kodiani kanisani. Soavelo akamjibu, "Padri, Jumapili mimi naitunza kuliko wewe. Wewe siku hiyo unafanya kazi." Padri aliondoka akicheka, lakini alikuwa mwekundu masikio.

Sasa basi. Baba yake Soavelo, mzee Tsiravay, alikuwa na fimbo yake nyekundu ndogo ya ukoo wao mdogo, na kila tambiko alimwita Nedi kwa jina na kumwagia pombe ya miwa. Hakuacha mtoto wa kiume. Alipokufa fimbo ile ilizikwa naye, na watu wake wachache wakaingia chini ya fimbo yetu, yaani ya kaka yangu. Tangu hapo Nedi hakuitwa tena. Na kwetu mhenga asiyeitwa hana pa kukaa. Anabaki nje ya uzio kama mgeni asiye na wa kumkaribisha, ananusa nyama tu.

Tulipomaliza kulitengeneza kaburi la ukoo, ikabidi tufanye karamu kubwa ya ng'ombe kuwashukuru wahenga. Soavelo akaja nyumbani kwa kaka yangu, nami nilikuwepo napepeta mchele.

"Shemeji," akasema, "safari hii umtaje na Nedi."

"Nedi yupi?"

"Usijitie upofu, wewe si kapteni wako. Nedi wa fidla."

Tombozafy akajikohoza. "Shemeji, kwenye tambiko tunaita watu wazito. Leo nikimwita mpiga fidla, kesho atakuja mtu na mpishi wake, keshokutwa mtu na mmwaga maji machafu wake. Wahenga watabanana."

"Baba yangu alikuwa akimwita."

"Baba yako alikuwa na fimbo yake. Fimbo sasa ni hii."

"Kwa hiyo unakataa?"

"Nakataa, tena naapa. Jina hilo halitoki mdomoni mwangu."

"Vizuri. Basi na kodiani hutaisikia."

Nilimsindikiza mpaka njiani. Soavelo ni mtu wa mzaha kutwa kucha, lakini pale hakuwa na mzaha. Akaniambia, "Wifi, mimi nimezeeka. Nikifa nitakutana na mzee yule hapo nje ya uzio, nimwambie nini? Kwamba nilikula wali kwenye karamu zote, na yeye akaachwa nje?" Nilimshika mkono tu.

Siku ya karamu huchaguliwa na mpiga ramli. Asubuhi ya kupiga ramli nilimwona bata mnene akipita kwapani mwa kaka yangu kuelekea kwa mpiga ramli. Sisemi kwamba bata yule alisema lolote. Nasema alipita asubuhi, na jioni siku ikatoka: Jumapili.

Tombozafy alikuja kututangazia kwa furaha kama mtu aliyepata mjukuu. "Jumapili, shemeji! Kwa hiyo hata ukitaka kupiga, huwezi. Nimeagiza mtu wa mjini Ambodifotatra aje na jenereta na spika zake. Hatukutegemei."

"Jumapili?" Soavelo akauliza.

"Jumapili."

Soavelo akatazama nyuma ya jiko lake, kisha akanitazama mimi, kisha akainama kuchochea moto. Nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia.

Nyuma ya jiko alifungwa Bemaso, ng'ombe wa karamu. Alikuwa wa kaka yangu, lakini uzio wa kaka yangu huangushwa hata na kuku, kwa hiyo tangu akiwa ndama Bemaso alilelewa kwa Soavelo. Kila jioni Soavelo akikamata kodiani, Bemaso husimama, hutikisa nundu, hutembea kwenda kunywa maji. Bila kodiani haondoki. Jumapili, kwa kuwa hakuna kodiani, hulala kutwa nzima akicheua, na Zelina, mjukuu wa Soavelo, humpelekea maji kwa ndoo. Mtaa mzima tulikuwa tukicheka kwamba huyo naye ni mzao wa Nedi. Tombozafy alikuwa akicheka nasi. Lakini furaha ya kumkomesha shemeji yake ilimsahaulisha.

Jumapili ikafika. Watu walikuja kutoka vijiji vyote, wanawake wamejitanda shuka zao mpya za lamba, wazee kwa kofia zao. Wali ulikuwa unachemka kwenye mapipa. Mtu wa spika alizifunga juu ya nguzo, akajaribu kipaza sauti kwa kukipulizia mpaka watoto wachanga wakalia. Tombozafy alisimama kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya uwanja, ndiyo pembe ya wahenga, fimbo mkononi, akaamuru ng'ombe aletwe.

Vijana walimsukuma Bemaso kutoka kwa Soavelo kwa shida, akatoka amesinzia nusu. Alipofika katikati ya njia, mbele ya nyumba ya mwalimu, akakunja magoti ya mbele, akakunja ya nyuma, akalala.

Wakamwita, hakusikia. Wakamkuna, akafumba macho. Kijana mmoja akashika kamba akitaka kumburuta, wazee wote wakapiga kelele, maana ng'ombe wa wahenga haburutwi. Aingie uwanjani kwa miguu yake mwenyewe, la sivyo ni matusi.

"Muziki!" Tombozafy akapaza sauti. "Anataka muziki! Weka muziki!"

Mtu wa spika akaweka kodiani ya kurekodiwa, kwa sauti ya kuangusha nazi. Bemaso akainua sikio moja. Tukashusha pumzi. Kisha akainua mkia, akafanya haja yake hapo hapo amelala, akashusha sikio.

"Anajua si ya kweli," mwanamke mmoja nyuma yangu akasema.

"Hata mimi najua si ya kweli," akajibu mwenzake, "na mimi si ng'ombe."

Jua lilipanda. Wageni walianza kuulizana. Mwishowe Tombozafy akaja kwa Soavelo, nami na nusu ya kijiji nyuma yake. Soavelo alikuwa ameketi barazani amevaa lamba yake bora, anakunywa maji ya ukoko wa wali. Kodiani ilikuwa pembeni yake, mkanda umefungwa.

"Shemeji," Tombozafy akasema, "ng'ombe amelala njiani."

"Anapumzika. Leo Jumapili."

"Shemeji, wageni wapo."

"Wakaribishe."

"Soavelo! Unataka kuniaibisha mbele ya watu wote hawa?"

"Mimi? Mimi nimeketi zangu. Siku alichagua mpiga ramli. Au ni bata?"

Watu wakaangua kicheko. Kaka yangu akajifuta jasho. Sauti ikashuka. "Piga kidogo tu. Afike uwanjani basi."

"Tombozafy, nisikilize. Ningependa. Lakini mwiko si wangu, siwezi kuuvunja. Wa kuulegeza ni mwenyewe aliyeuweka. Mwombe ruhusa."

"Nani?"

"Unamjua."

"Muombe wewe, ni babu yako!"

"Mimi sina fimbo. Fimbo si ni hiyo? Si ulisema mwenyewe?"

Nilimwona kaka yangu akiigeuza ile fimbo mkononi kana kwamba imepata moto. Akatutazama sote, mmoja mmoja, na sote tulikuwa tumekwisha kulielewa jambo. Bila kumwita Nedi hakuna wa kuombwa ruhusa. Na mhenga akishaitwa mbele ya watu na kunyweshwa, hafukuzwi tena. Ataitwa karamu zote mpaka mwisho wa dunia.

Akarudi uwanjani, Soavelo naye akatufuata. Akashika kikombe cha pombe ya miwa, akainama, akanong'ona kitu.

"Hatusikii!" Soavelo akasema kutoka nyuma.

"Wahenga wanasikia."

"Huyu alikaa karibu na ngoma na mizinga. Masikio yake mabovu."

Mtu wa spika, ambaye alikuwa amechoka kukaa bure, akamsogezea kipaza sauti mdomoni kwa heshima kubwa. Hivyo ndivyo sauti ya kaka yangu ilivyosikika Antsarabe nzima, ikavuka ghuba, hata mashua ya watazama nyangumi ikasimama.

"Wewe Nedi," akasema. "Nedi... mpiga fidla. Babu yake Bezandry, babu yake Tsiravay, babu yake huyu mwanamke mkaidi. Wewe uliyepiga kwenye meli ya Kapteni Barneti. Kunywa. Tunakuomba ruhusa Soavelo apige leo, ingawa ni siku yako. Kama umekubali, tuonyeshe dalili."

Akamwaga pombe. Macho yote kwa Bemaso pale njiani. Na Bemaso, nawaambia kweli, akainua kichwa. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Kisha akakilaza kichwa chini taratibu, akalala kwa ubavu, akatoa pumzi iliyotimua vumbi la njia nzima.

"Amekataa," Soavelo akasema.

"Mshenzi huyu!" ikalia spika, maana kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni mwa kaka yangu. Baadaye aliulizwa sana alimkusudia nani, ng'ombe, mhenga au shemeji. Alisema ng'ombe.

Basi karamu ikahamishiwa Jumatatu. Wageni wakala wali kwa kuku na samaki, wakalala majumbani mwetu, na hakuna aliyenuna. Wengi walisema hawajawahi kucheka hivyo tangu wazaliwe. Jumatatu jua lilipochomoza Soavelo alifungua mkanda. Kodiani ilipotoa sauti ya kwanza, Bemaso alisimama kama askari, akatikisa nundu, akatembea mbele yake mpaka uwanjani, shingo juu, utadhani yeye ndiye mwenye karamu.

Tombozafy akaanza kutambika. Akawaita wa kwetu wote. Akamwita Kapteni Barneti, akamwagia. Hapo akataka kukiweka kikombe chini. Soavelo alikuwa amesimama na kodiani kifuani, vidole juu ya vitufe, habonyezi.

"Na Nedi," kaka yangu akasema.

"Nedi nani?"

"Nedi mpiga fidla, mama wee! Kunywa, Nedi! Ingia ndani, kaa, kula!"

Soavelo akapiga. Sijui ulikuwa wimbo gani, sijausikia kabla wala baada. Alipomaliza alijifuta pua kwa ncha ya lamba akaniambia moshi wa kuni umemuingia. Kuni zilikuwa upande wa pili wa upepo.

Baada ya hapo aliishi miaka mingi. Tombozafy aliendelea kumwita Nedi kila karamu, na kwa vile ni mtu wa kusimulia wageni, haikupita muda nikamsikia akimpa Nedi naye jicho moja. Soavelo akamfuata na mwiko wa pilau. Jicho likarudishwa siku hiyo hiyo.

Alipoanza kudhoofika, jambo moja lilimsumbua. Zelina alikuwa amejifunza kodiani, tena anapiga vizuri kuliko bibi yake, mwenyewe alikiri. Lakini hoteli zinataka muziki Jumapili, na Zelina ni kijana, moyo wake mwepesi; hakuwa amevunja mwiko, ila alikuwa ameanza kuuliza kama kupiga polepole kunahesabika.

Soavelo akatuita barazani, mimi, Zelina, na Tombozafy ambaye naye sasa alitembea kwa kuegemea ile fimbo yake. Akaichukua kodiani, akaiweka mapajani mwa Zelina.

"Wewe ni kupiga," akamwambia. "Hilo tu."

Kisha akashika ncha ya mkanda wa kodiani, akampa Tombozafy.

"Na wewe, shemeji, kila Jumamosi jua likizama utakuja hapa uufunge huu mkanda kwa mkono wako."

"Mimi?" kaka yangu akashtuka. "Mzao wa Kapteni Barneti, nimfungie mkanda mpiga muziki?"

"Kwa sababu hiyo hiyo. Katika meli ile nani alitakiwa kuhakikisha mpiga fidla anapumzika? Si kapteni? Babu yako aliapa juu ya shoka."

Tombozafy akautazama mkanda. Akautazama uso wa Zelina, uliokuwa umenuna tayari. Akaanza kuufunga, akikosea tundu.

"Tundu la pili," Soavelo akasema. "Na Jumatatu uwahi kuja kufungua. Usilale. Kuna ng'ombe wanasubiri."